Nilivyompeleka Mfalme Buffalo

Bon, dada zangu wa kwaya, nimechoka kusimulia nusu nusu. Tangu nirudi, kila anayenikuta mlangoni pa kanisa ananivuta pembeni: "Eh, Mama Faida, ni kweli ulibeba mungu wa Misri kwenye basi?" Mmoja kasikia nilikamatwa na polisi. Mwingine kasikia nilisujudu. Donc naandika yote mara moja. Anayetaka asome, asiyeamini shauri yake.

Louisville: mfalme anashuka ukutani

Mnajua kazi yangu. Namtunza Bi Margaret, mzungu wa miaka themanini na kitu, namwogesha, nampikia uji, namsikiliza. Sebuleni kwake, juu ya kiti anachokaa, kulikuwa na jiwe limetundikwa. Ukubwa wake ni wa sinia ya chakula, unene wa vidole viwili. Limechongwa mfalme wa Misri ya kale, kofia ndefu, kitambaa kiunoni, mikono yote miwili mbele, kila mkono na kichungu, chombo kidogo cha mviringo. Anatoa sadaka. Lakini anampa nani? Mbele yake jiwe limekatwa, wima, kama mkate. Pale ukingoni vimebaki vidole vitatu tu, vimegusa kichungu, na mwenye vidole hayupo.

Miaka miwili nimefuta vumbi kwenye jiwe lile, na miaka miwili vile vidole havijanifurahisha.

Siku moja Bi Margaret akanieleza. Baba yake alilinunua zamani, alipokuwa akifanya kazi Misri, wakati vitu hivyo viliuzwa dukani kwa risiti. Alipozeeka, binti zake wawili, Margaret na mdogo wake Ruth, waligombania jiwe mpaka mzee akachoka. Akaita fundi wa mawe ya makaburi, akalikata katikati. Margaret akachukua mfalme. Ruth akachukua miungu, akahamia nayo Buffalo. Tangu hapo hawajasemezana, zaidi ya miaka thelathini.

Mimi nikamkumbuka Sulemani na wale wanawake wawili. Kwenye Biblia, mama wa kweli alikataa mtoto akatwe. Hawa wote wawili walikubali! Nikasema moyoni, Yesu wangu, watu gani hawa?

Sasa Bi Margaret alikuwa amesikia kwa jirani wa zamani kwamba Ruth macho yanaisha. Akanishika mkono. "Faida, mpelekee. Aone kizima mara moja kabla hajapofuka. Usilitume kwa posta. Lishike wewe."

Ningekubali bila wasiwasi kama si mwanawe, Greg. Siku ya kuondoka alikuja na simu yake, akalipiga jiwe picha mbele, nyuma, pembeni, hadi ile mikwaruzo midogo. Akaniangalia. "Ni kwa usalama wetu sote," akasema, na akatabasamu. Dada zangu, tabasamu lile mnalijua. Mnamkumbuka Mama Esther, aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya pete ya bibi aliyemtunza, na pete ikaja kuonekana ndani ya mashine ya kufulia? Hakuna aliyempigia simu kumwomba radhi. Mimi nina watoto wanne na jina moja. Likichafuka, ofisi inayonituma kwa wazee hainipi mzee mwingine, na hakuna nyingine itakayonichukua.

"Ukifika, nitumie picha," Greg akasema. "Nitalinganisha."

Nami nikatoa simu yangu, nikalipiga jiwe picha mbele, nyuma na pembeni, na yeye Greg nikampiga amesimama kando yake. Hakupenda.

Cincinnati: mtoto asiyelia

Dereva wa basi alitaka mzigo uingie tumboni mwa basi. Nikakataa.

"Kuna nini humo?"

"Mfalme," nikasema. Akacheka, akaniacha nipite.

Kubeba jiwe mikononi ni mateso, lina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Basi nikafanya kama ninavyojua: nikalifunga kwenye blanketi, nikaliweka mgongoni, nikakaza kitenge kifuani. Pale Cincinnati, tulipobadilisha basi, watu walinipisha mlangoni. Mama mmoja wa Kizungu akachungulia begani kwangu, uso umemlainika. "Ana umri gani?" akauliza.

"Mkubwa kuliko anavyoonekana," nikamjibu.

Basi la pili lilichelewa. Walisema tungoje saa moja, ikawa mbili, ikawa tano. Nilikaa kwenye kona na chapati zangu na mayai ya kuchemsha, na hapo ndipo nilipomwona yule mwanamume. Kofia nyekundu, koti kubwa. Alikuwa ananitazama. Nikihamisha macho, nikirudi, bado. Nikaenda chooni na mfalme wangu mgongoni, nikakuta amesogea kiti kimoja karibu. Niliporudi kukaa, akasogea tena. Nikajisemea, Greg amemtuma. Msicheke. Ukishaangaliwa kama mwizi asubuhi, mchana unaona wezi kila mahali.

Mwishowe akasimama mbele yangu. Nikashika fundo la kitenge kwa mikono yote miwili.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Umeliziba tundu la umeme. Simu yangu imekufa tangu asubuhi."

Nilisogea. Nilimpa na yai. Lakini sikulala usingizi mpaka Columbus, kwa sababu mtu anaweza kuwa na simu iliyokufa na bado akawa ametumwa.

Reynoldsburg: kwa Mama Sifa

Mama Sifa ni binti wa shangazi yangu. Tulikimbia Uvira pamoja, tukaishi kambi moja kule Kigoma, leo anafanya kazi kwenye ghala la viatu upande wa mashariki mwa Columbus. Mumewe alinichukua stendi jioni, na mezani nilikuta fufu ya mihogo, sombe ya majani ya mihogo, na ndagala, visamaki vya ziwani, zilizokaangwa vizuri. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Halafu nikafanya kosa langu. Kwetu huwezi kulala nyumbani kwa mtu na mzigo uliofungwa. Kambini tulijifunza: mzigo wa watu unafunguliwa mbele ya mwenye nyumba, aone kinachoingia chini ya paa lake, ili kesho kusiwe na maneno. Ningeweza kunyamaza. Lakini niliogopa sana kuitwa mwizi, nikataka mashahidi. Nikafungua blanketi pale pale kwenye kapeti.

Mama Sifa akarudi nyuma hatua mbili. "Eh, dada! Hii kitu iko na macho. Iko inaniangalia."

"Ni mfalme wa zamani tu."

"Na hii vidole? Ni ya nani hii vidole?"

"Ya mungu wao. Au mke wa mungu. Nusu yake iko Buffalo."

"Donc iko inatafuta mwenzake," akasema Mama Sifa, na sauti ikamshuka. Binti yake wa miaka kumi na mitatu akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba ni Misri tu, walisoma shuleni. Hakuna aliyemsikiliza.

Nililala kama gogo. Asubuhi, jua limeshapanda, nikaamshwa na wimbo. Nikatoka sebuleni na nguo ya kulalia. Mama Sifa na akina mama wawili wa maombi walikuwa wamezunguka meza. Mfalme alikuwa amelazwa kwenye taulo. Chupa ya mafuta ya zeituni, yale ya kuombea wagonjwa, ilikuwa imebaki robo.

Mama yangu! Jiwe lile lilikuwa na rangi ya mkate, nyeupe ya manjano. Sasa lilikuwa limekunywa mafuta lote, limekuwa la kahawia kama mtu aliyetoka kuoga.

"Mumefanya nini?" Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Tumekukomboa, dada," akasema Mama Sifa, jasho usoni. "Kesho unapanda gari na hii kitu. Miye sitaki kusikia gari yako imeanguka. Tulisali, bon, sasa iko safi."

"Safi? Mama Sifa, kuna mtu ana picha zake! Ana picha za kila mkwaruzo! Umeniua, unasikia? Umeniua mimi na watoto wangu!"

Akaanza kulia. Nami nikaanza kulia. Wale wengine wawili wakachukua mikoba yao polepole.

Marehemu mama yangu, mafuta yakimwagikia nguo, alimwaga unga juu yake unyonye. Nikaenda jikoni, nikachukua unga wa mihogo, nikammwagia mfalme kutoka kofia hadi miguu. Tukasubiri. Nikasugua kwa mswaki. Usoni pa jiwe unga ulitoka, lakini mafuta hayakutoka na unga. Ndani ya michongo, unga ulishika na mafuta ukawa kama gundi. Kila nilivyosugua ndivyo ulivyozidi kuingia. Mwishowe mfalme akabaki wa kahawia, na kila mstari wake, jicho, pua, mikunjo ya nguo, vichungu, vile vidole vitatu, mweupe pee.

Nililinganisha na picha yangu. Nikakaa chini sakafuni.

Niwaambie ukweli wa moyo wangu. Siku ile nzima nilimshuku Mama Sifa. Nilijiuliza kama ni maombi kweli au ni wivu, kwa sababu mimi natumwa na wazungu wangu kwa safari na yeye anabeba maboksi. Alinipikia chai, sikuinywa. Ndugu yangu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa na malaria, nikamwachia chai yake ikapoa mezani.

Barabarani na Wanjiru

Usafiri wa kwenda Buffalo nilipata kwa Mkenya mmoja wa Westerville, Wanjiru, nesi, aliyekuwa anaenda kumwona kaka yake. Alifika na gari safi, akafungua buti. "Mama Faida, karibu sana. Si uweke hiyo mzigo hapa nyuma?"

"Nitaipakata."

"Ni masaa mengi, aki. Utaumia miguu."

"Nitaipakata."

Akaniangalia kidogo, akafunga buti. Wakati nafunga mlango, Mama Sifa alikimbia akaingiza kitu kwenye mkoba wangu. Sikumuuliza.

Wanjiru anaongea vizuri, lakini anauliza sana. Ni nini hiyo? Ni original? Ni ya nani? Tuliposimama kujaza mafuta, nikarudi kutoka chooni nikakuta amefunua pembe ya blanketi niliyoiacha kitini, anapiga picha. "Wow," akasema. "Hii si ni kitu ya museum?" Nikafunika.

Karibu na Cleveland akaingia njia nyingine. "Wacha nipitie kwa cousin wangu, ni dakika tano tu." Nikaona tunaacha barabara kubwa, tunaingia mtaa, tunasimama mbele ya nyumba yenye uzio mrefu. Akatoka mwanamume mpana, akasalimiana naye kwa Kikuyu, wakaniangalia, wakacheka. Yule mwanamume akaenda moja kwa moja kwenye buti akaifungua.

Nilitoka garini. Nikafunga mfalme mgongoni, nikaanza kutembea. Sikujua naenda wapi. Nilifika kama nyumba ya tatu ndipo Wanjiru akanikimbilia.

"Mama Faida! Unaenda wapi na hiyo stone?"

Nikageuka. Yule mwanamume alikuwa anapakia sukuma wiki. Magunia mawili, mabichi, yanatoka maji, ya bustani yake nyuma ya uzio. Anampelekea kaka yake Wanjiru.

"Ulidhani tunakuibia?" Wanjiru akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Nilifikiri atakasirika. Akashika kiuno, akapumua. "Hata mimi nilikushuku. Mtu anakataa buti, anakataa maswali, anaenda choo akitetemeka. Nilipiga hiyo picha nimtumie kaka yangu, nikamwambia nikishikwa na polisi ajue ni ya nani."

Tukacheka pale njiani mpaka machozi. Baadaye nilimsimulia yote, Greg, mafuta, unga. Tulipopita Erie, akasema, "Huyo bibi mwambie ukweli mara moja, kabla hajagusa." Nilimjibu ni rahisi kusema ukiwa umeshika usukani.

Buffalo: vidole vitatu

Tulikula kwanza Grant Street, wali na maharage kwa Mburundi mmoja. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nachelewesha, na Wanjiru alijua, lakini akaniacha nimalize sahani.

Bi Ruth anaishi peke yake, nyumba ndogo yenye ngazi nne. Ni sura ya dada yake kabisa, ila mwembamba. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa upande mmoja, kwa sababu macho yake yameharibika katikati na anaona kwa pembeni tu. Hakutukaribisha haraka.

"Margaret anataka nini?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hataki kitu. Anataka uone nusu yake."

"Margaret hajawahi kutotaka kitu."

Tukaketi jikoni. Nikalishika jiwe likiwa bado ndani ya blanketi, nikasema kama Wanjiru alivyonishauri. Nilisema tulilipaka mafuta. Nilisema kwa nini, na unga, na kwamba Greg ana picha, na kwamba kosa si la ndugu yangu, ni langu mimi niliyelifungua. "Likiwa limeharibika, ni mimi. Naomba nisikie uamuzi kwako kwanza, siyo kwa ofisi."

Alinyoosha mikono. Nikafunua, nikamwekea mezani, chini ya taa.

Akageuza kichwa kushoto, akarudisha kulia, kama kuku anayetazama punje. Mara akatulia. Kidole chake kikashuka juu ya jiwe, kikafuata mstari mweupe wa kofia, kikashuka puani, kikaenda mkononi, kikasimama kwenye kichungu.

"Namwona," akasema. Halafu tena, kwa nguvu, kama anabishana na mtu: "Namwona!"

Sikuelewa. Akanivuta kwa mkono hadi ukumbini. Ukutani kulikuwa na nusu yake: mungu mwenye kichwa cha mwewe, na mbele yake mungu wa kike mwenye pembe za ng'ombe na jua katikati. Mkono wa yule mwanamke umenyooshwa na unakatika kabla ya vidole. Jiwe lote la rangi moja, mkate juu ya mkate.

"Miaka minne sasa naishi nalo na sioni kitu," akasema. "Ubao mtupu. Nilijua wapo kwa kuwapapasa tu." Akanigeukia. "Nifanyie na hili."

Tuliporudi jikoni, simu yangu ikalia. Greg, kwa video. Sikuwa na pa kujificha, nikapokea. Akaliona jiwe mezani, uso ukabadilika. "Nini kile cheupe? Faida, nini umefanya?" Bi Ruth akaichukua simu mkononi mwangu, akaileta karibu na sikio lake kana kwamba haina picha.

"Greg, ni mama yako mdogo. Hiki ni kitu cha dada yangu na changu. Ukimgusa huyu mama kwa neno moja, nitakuja Louisville hata nikiwa kipofu." Akakata. Akanirudishia simu.

Sasa hapa ndipo mnapotaka kujua, na ndipo nilipowaficha. Nilitafuta kwenye mkoba leso ya kufuta machozi, nikakuta kile alichoingiza Mama Sifa. Ile chupa. Robo iliyobaki ya mafuta ya maombi, imefungwa kwenye mfuko ili isinivujie. Ndugu yangu, ambaye sikunywa chai yake.

Wanjiru alirudi mbio Grant Street kuleta unga wa mihogo. Mimi nilisali. Nikamwambia Mungu, wewe unajua hawa si miungu yangu, na unajua napaka kwa ajili ya macho ya bibi huyu. Kisha mimi, Mama Faida, wa sauti ya kwanza, niliyefunga siku tatu mwezi uliopita, nikampaka mafuta mungu mwenye kichwa cha mwewe. Mdomo wake, mabega, fimbo yake. Nikampaka na yule mwanamke, pembe na jua. Nikamwaga unga, nikafuta kwa kitambaa. Mistari ikatoka mmoja mmoja, na Bi Ruth aliitaja kila ilipotokea, akipiga magoti kando yangu kama mtoto.

Tulisogeza nusu mbili mezani mpaka zikagusana. Vile vidole vitatu vilivyonitisha miaka miwili vikaingia kwenye mkono wao.

Nikampigia Bi Margaret, nikaweka simu mezani kati ya mawe. "Bi Margaret, mdogo wako yuko hapa."

Tulisikia anapumua. Halafu, Mungu anisamehe nilitaka kucheka, baada ya miaka thelathini na zaidi, neno lake la kwanza likawa: "Ruth. Niambie kweli. Nani alipata kipande kikubwa?"

Bi Ruth akaweka kiganja kwenye mkato, akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili.

"Wewe," akasema. "Kwa vidole vitatu."

"Basi chukua," akasema Bi Margaret. "Nimekurudishia."

Niliwaacha wakiongea, nikatoka kukaa kwenye ngazi. Nikampigia Mama Sifa, nikamwambia anisamehe kwa ajili ya chai.